Guni la Mapigo 15

Tarehe 31 Desemba 1970, San Francisco ikijiandaa kuuaga mwaka, kundi moja la wanamuziki lilikuwa limejifungia ndani ya studio ya Wally Heider likirekodi. Kiongozi wao alikuwa mpiga piano wa miaka 30, Herbie Hancock, ambaye tayari alikuwa amemaliza miaka kama mitano akipiga na Miles Davis. Angeweza kukaa tu na kuishi kwa jina hilo. Badala yake akatoa albamu yenye nyimbo tatu pekee, ndefu kama safari ya SGR, na akaipa jina ambalo Mkenya yeyote aliyemaliza darasa la nane analisoma bila kamusi: Mwandishi.

Hilo halikuwa jina la albamu tu. Lilikuwa jina lake, na wenzake pia walikuwa na yao. Buster Williams wa besi aliitwa Mchezaji. Billy Hart wa ngoma, Jabali. Eddie Henderson wa tarumbeta aliitwa Mganga, na hapo jina lilikaa sawasawa, manake jamaa alikuwa daktari wa kweli mwenye shahada ya udaktari kutoka Chuo Kikuu cha Howard. Bennie Maupin, aliyepuliza saksofoni na klarineti besi, aliitwa Mwile, neno ambalo mwalimu wako wa Kiswahili angedhani ulikusudia kuandika "mwili". Naye Julian Priester wa tromboni akaitwa Pepo Mtoto. Nadhani walitaka kitu kitamu, roho changa hivi. Mtaani kwetu mtu akijitambulisha hivyo, unavuka barabara.

Kwa nini Kiswahili? Njia ilipitia Los Angeles. Huko, mwaka 1966, Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa na Nguzo Saba zake, kuanzia Umoja hadi Imani. Watu weusi wa Marekani walikuwa wakitafuta lugha ya Kiafrika isiyokuwa mali ya kabila moja, na Kiswahili kikaingia kwenye nafasi hiyo. Wakosoaji walisema, na hawakukosea, kwamba wengi wa mababu zao waliopelekwa Marekani kama watumwa walitoka Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, wala si Lamu au Bagamoyo. Lakini mtu aliyenyang'anywa lugha hana anasa ya kuchagua ile sahihi kabisa. Anachukua iliyo karibu na mkono, anaijaza maana yake mwenyewe, anaendelea na safari.

Mmoja wa vijana wa harakati za Karenga alikuwa mpiga ngoma James Mtume, mwana wa mpiga saksofoni Jimmy Heath. Desemba 1969 baba yake mdogo, Albert "Tootie" Heath, alirekodi albamu iitwayo Kawaida, Hancock akiwa kwenye piano na Mtume kwenye kongas. Mtume ndiye aliyempa Hancock jina la Mwandishi, na kundi zima likaambukizwa. Na kama unadhani haya ni mambo ya wazee tu, Mtume huyo huyo ndiye aliyetoa "Juicy Fruit" mwaka 1983, wimbo ambao Notorious B.I.G. aliujengea "Juicy" mwaka 1994. Umeshacheza kazi yake kwenye sherehe bila kujua.

Sasa turudi studio. Wimbo wa kwanza wa albamu unaitwa "Ostinato (Suite for Angela)". Angela ni Angela Davis, mwalimu wa falsafa aliyekamatwa Oktoba 1970 kwa mashtaka ya mauaji, utekaji nyara na njama. Wimbo ulipokuwa ukirekodiwa alikuwa ndani akisubiri kesi katika kaunti ya Marin, ng'ambo tu ya daraja la Golden Gate ukitoka San Francisco. Ingefika Juni 1972 ndipo baraza la mahakama limwone hana hatia. Kwa hivyo wimbo huu haukutungwa kumkumbuka mtu. Mwenyewe alikuwa hai, karibu, na hakuna aliyejua kama atatoka.

Sikiliza besi inavyoanza. Hebu hesabu. Muziki mwingi unaoupenda unakwenda kwa nne: moja, mbili, tatu, nne, tena. Ukigawa kila pigo katikati unapata nane. Ukiweka mafungu mawili pamoja unapata kumi na sita. Hivyo ndivyo gengetone inavyokwenda, hivyo ndivyo haus inavyokwenda, na hata ukigonga meza ukisubiri chipo vidole vyako vinakwenda hivyo. Besi ya "Ostinato" inahesabu nane, kisha saba. Jumla 15.

Aliyefanya karatasi ya fasihi ya KCSE hahitaji maelezo zaidi. Mshororo wa shairi la kimapokeo tulifundishwa kwamba una mizani 16: ukwapi nane, utao nane. Ukipunguza silabi moja kwenye utao, mtahini anachora mstari chini yake na kuandika "guni". Shairi limevunjika. Hancock, aliyebeba jina la Kiswahili bila kujua arudhi ya Kiswahili, alitunga guni la dakika 13 na kuligeuza kuwa mahali pa kuishi.

Maajabu yake ni haya: halisikiki kama kosa. Mara ya kwanza mguu wako unajikwaa, unangojea lile nusu pigo la mwisho, kumbe mshororo unaofuata umeshaanza. Mara ya pili, vilevile. Kufikia mara ya kumi mwili umezoea na unaanza kuegemea mbele pale penye pengo. Neno "ostinato" ni la Kiitaliano, na maana yake ya asili ni kaidi, mbishi. Kwenye muziki ni kipande kinachorudiwa bila kubadilika hata mengine yote yakibadilika. Kumtungia mfungwa wimbo wenye jina hilo, halafu ukaidi wenyewe uwe mguu mmoja pungufu, hiyo naiona ni siasa iliyofikiriwa vizuri kuliko nyimbo nyingi zenye maneno.

Ngoma zilipigwa na watu wawili kwa pamoja, Billy Hart na kijana wa miaka 18, Leon Chancler, ambaye naye alibeba jina letu: Ndugu. Weka jina hilo akilini. Mwaka 1982 Ndugu Chancler ndiye aliyekaa kwenye ngoma za "Billie Jean" ya Michael Jackson, ile pigo kavu, nne kwa nne, isiyoyumba hata kidogo. Mtu mmoja, pande mbili za mjadala huu wote.

Miaka hiyo hiyo, ng'ambo hii ya bahari, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na Euphrase Kezilahabi, ambaye mwaka 1974 alitoa Kichomi, mashairi yasiyojali vina wala mizani, na washairi wa kimapokeo wakamshukia. Waliona kwamba bila hesabu ile hakuna ushairi. Sisemi kwamba Kezilahabi alimsikiliza Hancock. Nasema tu swali lilikuwa hewani: hesabu uliyorithi ni mifupa ya sanaa, ama ni nguo tu?

Jazi yenyewe ilikuwa imeanza kuuliza kitambo. Mwaka 1958 serikali ya Marekani ilimtuma Dave Brubeck na kundi lake kuzunguka nchi kadhaa, zikiwemo Poland, Uturuki na India, kama mabalozi wa muziki katikati ya Vita Baridi. Istanbul aliwasikia wanamuziki wa mtaani wakipiga tisa, lakini si tisa ya tatu-tatu-tatu. Ilikuwa mbili, mbili, mbili, tatu. Aliporudi akatunga "Blue Rondo à la Turk". Albamu yake, Time Out, ilitoka 1959 chini ya Columbia. Ndani yake kuna "Take Five", iliyotungwa na mpiga saksofoni Paul Desmond, inayohesabu tano: tatu na mbili. Watu wa mauzo wa kampuni hawakuwa na imani nayo. Iliuza zaidi ya nakala milioni 1. Desmond alipofariki 1977 aliacha mapato ya nyimbo zake kwa Msalaba Mwekundu wa Marekani, na mpaka leo wanapokea.

Kuna jambo kuhusu kundi la Brubeck ambalo wapenda hesabu hulipita haraka. Mpiga besi wake, Eugene Wright, alikuwa mweusi. Kumbi za vyuo vya Kusini mwa Marekani zilimtaka Brubeck aje na mzungu badala yake. Brubeck akafuta maonyesho, mengi, na pesa zake zikaenda. Serikali iliyowapeleka Poland kuonyesha uhuru wa Marekani haikuweza kuwahakikishia jukwaa nyumbani. Tukisema basi kwamba tano na saba ni "mchezo wa akili", tukumbuke nani alikuwa akicheza na ilimgharimu nini.

Baada ya Brubeck mlango ukawa wazi, na wengine wakaingia wakikimbia. Don Ellis alisoma midundo ya Kihindi na Harihar Rao, akaunda bendi kubwa iliyopiga mafungu ya 19, akapitisha tarumbeta yake kwenye mashine ya mwangwi. John McLaughlin na Mahavishnu Orchestra walitoa The Inner Mounting Flame mwaka 1971, Jan Hammer akiwa kwenye kibodi, kasi ya kutisha. Naiheshimu sana Mahavishnu. Kuisikiliza kwa saa nzima, hapana. Kuna wakati unahisi mtu anakuonyesha misuli.

Kundi la Mwandishi lilichukua njia nyingine, na hapa ndipo umeme unaingia. Albamu ya pili, Crossings, ilipokuwa ikitengenezwa, prodyuza wao David Rubinson alimpeleka Hancock kwa Patrick Gleeson, mwalimu wa zamani wa Kiingereza chuoni aliyeacha kazi na kujifungia na sinthesaiza ya Moog katika studio iitwayo Different Fur. Hancock alitaka aelekezwe tu jinsi ya kuitumia. Alipomsikia Gleeson akifanya kazi, akamwambia arekodi mwenyewe. Mzungu mwalimu wa fasihi, kati ya Mganga na Jabali. Crossings ikatoka 1972 na Gleeson akaingia bendi, akibeba sinthesaiza ya ARP 2600 hadi jukwaani, wakati ambapo mashine hizo zilikuwa zikibadilika sauti kwa sababu tu ukumbi umepata joto.

Halafu Sextant, 1973. Wimbo wa kwanza, "Rain Dance", unaanza na matone. Mashine inatema sauti fupifupi, zinajipanga, zinajipangua, na wanadamu wanaingia juu yake polepole kama watu wanaotoka kibandani baada ya mvua. Wimbo wa pili, "Hidden Shadows", unahesabu 19. Jaribu kuhesabu na utachoka. Jaribu kutingisha kichwa na utaona kinatingishika chenyewe. Kwangu mimi Sextant ndiyo mahali ambapo jazi, mashine na hesabu isiyo ya kawaida vilikutana kwa mara ya kwanza bila kimoja kuwa mgeni wa kingine. Inasikika kama ilitengenezwa juzi na mtu asiyelala.

Haikuuza. Redio hazikujua pa kuiweka, wapenda jazi walisikia kelele, vijana wa roki hawakuwa wameambiwa. Bendi ya watu saba, pamoja na mafundi na masanduku ya mashine, inakula pesa kila siku hata isipopiga. Hancock alikuwa akiziba pengo kwa mapato ya wimbo wake wa 1962, "Watermelon Man". Yaani wimbo mtamu wa zamani ulikuwa unalipia nauli ya muziki mgumu wa sasa. Mwaka 1973 akavunja kundi. Alibaki na Maupin tu. Miezi michache baadaye akatoa Head Hunters, yenye "Chameleon", besi ya sinthesaiza ya ARP Odyssey ikikaa juu ya nne safi, na ikauza zaidi ya milioni 1.

Wako wanaosema alijiuza. Mimi siwezi. "Chameleon" ni tamu, na kodi ni kodi. Ila tangu hapo somo lililobaki masikioni mwa kampuni za muziki lilikuwa rahisi: mashine ziende na nne.

Na mashine zenyewe zikakubali. Sekwensa ya Moog, ile ya 960, ilikuwa na nafasi nane kwa kila safu. Roland TR-808, iliyotoka 1980, ina vitufe 16 vimepangwa mstari mmoja, kila vinne rangi yake. Unaona? Nane, kumi na sita. Ukwapi na utao, zimechongwa kwenye plastiki. Madijei nao walitaka rekodi mbili zishikane bila kugongana, na hilo ni rahisi zaidi kama kila mtu anahesabu nne. Hakuna aliyekaa chini akapiga marufuku saba. Fundi alichora vitufe 16, na kizazi kizima kikaamini muziki una nafasi 16.

Hata programu za leo zimerithi vitufe hivyo. Ukifungua Ableton Live, mradi mpya unakusubiri na nne kwa nne, kasi 120. FruityLoops, iliyotoka Ubelgiji mwaka 1997 na ikawa shule ya maprodyuza wengi wa vyumbani, ilianza na safu ya visanduku 16, na ni hadi FL Studio 20, mwaka 2018, ndipo ilipokuruhusu kubadilisha hesabu katikati ya wimbo kwa njia ya wazi. Zaidi ya miaka 20! Kabla ya hapo ulitafuta vichochoro.

Waliotafuta vichochoro zaidi walikuwa Waingereza, na wakapata sababu isiyo ya muziki. Mwaka 1994 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya haki ya jinai na utulivu wa umma, ambayo iliwapa polisi nguvu ya kuvunja mikesha ya dansi ya nje. Ili kueleza wanazuia muziki gani, waliandika kuhusu sauti ambazo sifa yake kuu ni mapigo yanayojirudia. Mapigo yanayojirudia! Kwa maelezo hayo hata matanga ya kwetu ni hatia. Autechre, vijana wawili wa lebo ya Warp, wakajibu kwa rekodi iitwayo Anti EP. Wimbo mmoja, "Flutter", waliupanga ili pasiwe na mafungu mawili yanayofanana. Kwa hivyo kisheria hauna mapigo yanayojirudia. Kwenye kifuniko wakawashauri madijei wawe na wakili na mtaalamu wa muziki karibu nao. Ni utani, na pia si utani. Nadhani ni mara chache sana hesabu ya prodyuza imekuwa utetezi wa mahakamani.

Lebo hiyo hiyo ilikuwa na Squarepusher, mpiga besi ambaye mwaka 1998 alitoa Music Is Rotted One Note, akipiga vyombo mwenyewe na kunusa wazi marashi ya Miles na Hancock wa miaka ya 70. Kanada kukawa na Venetian Snares, ambaye alifanya saba kuwa nyumbani kwake. Albamu yake ya 2005, yenye jina la Kihungari, inaweka fidla na sauti ya Billie Holiday juu ya ngoma zilizokatwakatwa kama kachumbari. Wengi waliomfuata waliiga visu wakasahau nyanya. Saba bila wimbo ni kazi ya nyumbani ya hisabati.

Kwa hivyo tuseme uko Umoja au Githurai, laptopu yako ina joto, na unataka kujaribu. Huhitaji kujifunza nadharia. Chukua visanduku 16, kila kimoja kiwe nusu pigo, na ufute cha mwisho. Umepata 15 za Mwandishi. Sasa andika besi fupi inayojaza hapo na uiache ijirudie, usiiguse. Chini yake weka ngoma kubwa ya kawaida, moja kila baada ya visanduku viwili, lakini usiikate na besi. Iache iende zake. Mzunguko wa kwanza ngoma itaangukia kisanduku cha 1, 3, 5 hadi 15. Mzunguko wa pili, kwa kuwa 15 haigawanyiki kwa mbili, itaangukia 2, 4, 6 hadi 14. Wa tatu inarudi kama mwanzo. Besi ni ile ile, ngoma ni ile ile, lakini kila baada ya mzunguko wimbo unageuka ndani nje. Aliye kwenye dansi anapata nne yake na hana malalamiko. Aliye na masikio anasikia sakafu ikisogea. Na ukihesabu mafungu ya nne, vitu vyote viwili vinaanza pamoja tena baada ya mafungu 15, besi ikiwa imezunguka mara nane.

Nairobi haihitaji kubembelezwa. Slikback, prodyuza wa hapa, alitoa Lasakaneku mwaka 2018 kupitia Hakuna Kulala ya Kampala, midundo inayokataa kukaa palepale, na ikasikika mbali. Jina la lebo hiyo, angalau, limeandikwa na watu wanaojua Kiswahili.

Hancock naye alirudi. Mwaka 2014, akiwa na miaka 74, alipiga kinanda kwenye albamu ya You're Dead! ya Flying Lotus, prodyuza wa Los Angeles ambaye Alice Coltrane alikuwa dada wa nyanya yake. Nyimbo ni fupi sana, zinakatika kabla hujajua umehesabu ngapi, ngoma za jazi zikikimbizana na laptopu. Mmoja unaitwa "Tesla". Ametajwa hapo kwa jina la Herbie Hancock. Mwandishi limebaki kwenye kifuniko cha 1971.